Kupima Esta za 3-MCPD na za Glisidili katika Mafuta ya Kula: Mwongozo Kamili wa Maabara

Mafuta yaliyokamuliwa tu, kabla hayajasafishwa, huwa hayana kabisa viambata viwili vinavyozungumziwa hapa, au huwa navyo kwa kiasi kidogo mno. Viambata hivi huzaliwa kiwandani, hasa katika hatua ya mwisho ya usafishaji, ambapo mafuta huchemshwa chini ya ombwe huku mvuke ukipitishwa ndani yake ili kuondoa harufu na asidi huru. Cha kwanza ni kundi la esta za 3-monokloropropani-1,2-dioli, ambayo wachambuzi wote huiita 3-MCPD, pamoja na ndugu yake 2-MCPD. Cha pili ni kundi la esta za glisidili. Mtu akila mafuta hayo, vimeng'enya vya tumboni hukata asidi za mafuta zilizoshikamana na molekuli hizi, na kinachobaki ni 3-MCPD huru na glisidoli huru. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka 3-MCPD katika kundi la 2B (huenda inasababisha saratani kwa binadamu) na glisidoli katika kundi la 2A (kuna uwezekano mkubwa kwamba inasababisha saratani), ambalo ni zito zaidi kwa ushahidi. Mwaka 2018 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilipanga ulaji unaovumilika wa 3-MCPD kuwa mikrogramu 2 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Kwa glisidoli haikupanga kiwango kama hicho, kwa sababu ni kemikali inayoharibu vinasaba.

Mwongozo huu unamlenga mchambuzi anayejua kupima na kutumia kromatografia ya gesi, lakini ambaye bado hajawahi kuendesha kipimo hiki mwenyewe. Jambo moja litarudi katika kila hatua, nalo ndilo chanzo cha makosa mengi: molekuli hizi mbili hugeukiana ndani ya kichupa. Katika mazingira ya alkali, 3-MCPD hupoteza klorini yake na kuwa glisidoli. Glisidoli nayo, ikikutana na kloridi, hurudi kuwa 3-MCPD. Kwa hiyo mchambuzi anaweza kupata namba zinazokaribiana vizuri kila anaporudia, kumbe namba hizo amezitengeneza yeye mwenyewe wakati wa maandalizi.

Kabla ya kugusa sampuli: jua zilikotoka

Esta za 3-MCPD na za glisidili hazizaliwi kwa njia moja, ingawa mara nyingi huonekana pamoja. Esta za 3-MCPD huhitaji klorini, ambayo hutoka shambani na kwenye tunda au mbegu: udongo, mbolea, maji ya kuoshea na misombo ya klorini iliyo ndani ya mmea wenyewe. Klorini hiyo ikiingia katika mafuta ghafi, joto la kuondoa harufu huifanya ishambulie gliseridi, na asidi inayotumika katika kuondoa ute au katika udongo wa kupaushia huchochea zaidi. Esta za glisidili hazihitaji klorini. Hutokana na digliseridi na monogliseridi (gliseroli iliyoshika asidi mbili au moja za mafuta) zinazojikunja zenyewe zinapochemshwa mno, na kasi yake hupanda sana joto likizidi kati ya nyuzi 230 na 240 za Selsiasi. Mafuta ya mawese ndiyo yanayotajwa zaidi kwa sababu digliseridi zake ni nyingi, takribani asilimia 4 hadi 12, tofauti na mafuta ya mbegu nyingi.

Maelezo haya si ya mapambo. Yanakuambia utegemee nini. Ukipokea mafuta yaliyokamuliwa bila joto na bila kusafishwa, nayo yakatoa miligramu 1 ya 3-MCPD kwa kilo, shaka yako ya kwanza iwe juu ya maabara yako, na ya pili iwe juu ya uhalisi wa mafuta hayo, kwani huenda yamechanganywa na mafuta yaliyosafishwa.

Kuchagua njia ya upimaji

Yako makundi mawili. Njia za moja kwa moja hupima kila esta jinsi ilivyo kwa kromatografia ya kimiminika na spektrometria ya tungamo. Ni nzuri kwa utafiti, hasa kwa esta za glisidili ambazo idadi yake ni ndogo. Kwa esta za 3-MCPD, zenye michanganyiko mingi ya asidi za mafuta, zinahitaji vilinganishi vingi vya gharama kubwa. Kwa hiyo maabara nyingi za kawaida hutumia njia zisizo za moja kwa moja, yaani zinazokata esta zote na kupima kiini kinachobaki.

Njia hizi zimewekwa katika viwango rasmi vya ISO 18363, sehemu ya 1 hadi ya 4. Tatu za mwanzo zinalingana na njia za Jumuiya ya Wakemia wa Mafuta ya Marekani zijulikanazo kama Cd 29c-13, Cd 29b-13 na Cd 29a-13, kwa mpangilio huo.

Sehemu ya 1 hukata esta haraka kwa alkali kwenye joto la chumba, kisha mmenyuko husimamishwa. Sampuli hupimwa mara mbili: katika jaribio A kisimamishi huwa na kloridi, hivyo glisidoli yote hugeuka kuwa 3-MCPD na kupimwa pamoja nayo, katika jaribio B kisimamishi hakina kloridi, hivyo hupimwa 3-MCPD pekee. Glisidoli hupatikana kwa kutoa B kutoka A. Faida yake ni kasi. Hatari yake ni kwamba muda wa alkali ni wa dakika chache tu na ukipita, 3-MCPD inaendelea kuliwa. Sehemu ya 2 hutumia alkali pia, lakini kwa baridi kali, chini ya nyuzi 20 hasi, kwa usiku mzima, na hupima 2-MCPD, 3-MCPD na glisidoli kwa jaribio moja. Sehemu ya 3 hutumia asidi badala ya alkali. Sehemu ya 4, iliyotolewa mwaka 2021, inarudi kwenye alkali ya haraka lakini inaongeza vilinganishi vyenye isotopu vinavyoonyesha ni kiasi gani cha 3-MCPD kimegeuka glisidoli wakati wa mmenyuko, ili hesabu isahihishwe.

Kwa maabara inayoanza, ningeshauri sehemu ya 3. Inachukua usiku mzima, na mteja mwenye haraka hatafurahi, lakini asidi haisababishi 3-MCPD kugeuka glisidoli, na glisidoli hufungwa mapema kabla ya chochote kingine kufanyika. Mchambuzi anayejifunza anasamehewa dakika kadhaa hapa, wakati katika njia ya alkali ya haraka hasamehewi hata moja. Hatua zinazofuata zinafuata njia hiyo. Maandishi rasmi ya kiwango yawe mezani pako wakati wote. Hapa nakuelekeza sababu ya kila hatua na mahali inapokosewa.

Kuchukua na kuandaa sampuli

ISO 5555 ndiyo inayoeleza uchukuaji wa sampuli za mafuta, na ISO 661 inaeleza maandalizi ya sampuli ya kupimwa. Katika tangi kubwa, mafuta yaliyoganda nusu hujitenga: sehemu ngumu hutua chini na sehemu laini hubaki juu, na digliseridi hazigawanyiki sawasawa kati ya sehemu hizo. Ndiyo maana sampuli huchukuliwa juu, katikati na chini, kisha huchanganywa.

Maabara ikipokea mafuta yaliyoganda, yeyusha chupa yote, si kijiko cha juu. Iweke kwenye oveni ya nyuzi 50 hadi 60, hadi mafuta yawe wazi kabisa, kisha itikise vizuri na uchukue sehemu ya kupima ikiwa bado vuguvugu. Usiyeyushe kwenye bamba la moto. Joto hilo halitoshi kuzalisha esta mpya kwa kiasi cha kuonekana, lakini hapana sababu ya kuyachosha mafuta kabla ya kuyapima. Sampuli ya akiba itunzwe katika chupa ya kioo cha rangi ya kahawia iliyojazwa karibu na mdomo, mahali pa baridi na giza. Andika aina ya mafuta kwa ukamilifu wakati wa kupokea: neno «mafuta ya kupikia» halitoshi, kwa sababu ukomo wa kisheria hutofautiana kwa aina ya mafuta, kama tutakavyoona.

Vitendanishi, vilinganishi na adui aitwaye kloridi

Unahitaji tetrahidrofurani, n-heptani na methanoli vya daraja la uchambuzi, asidi ya salfuriki, bromidi ya sodiamu, bikaboneti ya sodiamu, chumvi ya salfeti na asidi ya fenilboroni. Soma cheti cha kila chumvi uone kiasi cha kloridi kilichomo. Bromidi ya sodiamu yenye kloridi huifanya sehemu ya glisidoli ifungwe kama 3-MCPD badala ya kufungwa kama mwenzake wa bromini, na hapo unakuwa umepunguza kiambata kimoja na kuongeza kingine kwa pigo moja. Kwa sababu hiyo hiyo, chumvi ya mezani isiingie katika njia hii kama chombo cha kusukuma viambata kutoka kwenye maji; tumia salfeti. Viyeyushi vyenye klorini visikae katika meza inayotumika kwa kazi hii.

Vilinganishi vya ndani vyenye deuteri ndio moyo wa usahihi. Kilinganishi cha ndani ni molekuli ileile unayoipima, ila hidrojeni zake tano zimebadilishwa kwa deuteri (hidrojeni nzito), kwa hiyo hutenda kama mwenzake katika kila hatua lakini mashine huitofautisha kwa uzito. Tumia esta, si 3-MCPD huru. Ukiongeza kilinganishi kilicho huru, hakipiti katika hatua ya kukatwa, hivyo hakitakuambia lolote ikiwa esta hazikukatika zote. Kinachotumika kwa kawaida ni esta ya palmitiki mbili ya 3-MCPD yenye deuteri na glisidili palmiteti au stearati yenye deuteri. Ikiwa maabara inaripoti 2-MCPD pia, tafuta kilinganishi chake cha peke yake.

Kumbuka kubadilisha uzito wa esta kuwa uzito wa kiini. Esta ya palmitiki mbili ya 3-MCPD ina uzito wa molekuli 587.4, na 3-MCPD ina 110.5, kwa hiyo kizidishi ni 0.188. Kwa glisidili stearati ni 74.1 kugawanya kwa 340.5, yaani 0.218. Kukosea hapa huzidisha jibu mara tano, na kwa kuwa kosa liko katika karatasi ya hesabu, hakuna grafu itakayolionyesha.

Kazi yote inayohusu vilinganishi halisi na viyeyushi ifanyike ndani ya kabati la hewa, ukiwa na glavu na miwani. Tetrahidrofurani iliyokaa muda mrefu hutengeneza peroksaidi zinazoweza kulipuka ikikaushwa, kwa hiyo andika tarehe ya kufungua kila chupa.

Siku ya kwanza: kufunga glisidoli na kuanza kukata esta

Pima miligramu 100 hadi 110 za mafuta katika kichupa cha kioo chenye kifuniko imara, ukiandika uzito hadi sehemu ya kumi ya miligramu. Ongeza vilinganishi vya ndani kwa pipeti iliyohakikiwa, kisha mililita 2 za tetrahidrofurani, na utikise hadi mafuta yayeyuke kabisa.

Sasa ongeza mikrolita 30 za myeyusho wa bromidi ya sodiamu wenye asidi ya salfuriki. Tikisa, kisha weka kichupa katika joto la nyuzi 50 kwa dakika 15. Katika robo saa hii ayoni za bromidi hufungua pete ya glisidili na kuigeuza kuwa esta ya 3-monobromopropanidioli, ambayo kwa ufupi huitwa 3-MBPD. Kuanzia hapa glisidoli haina tena nafasi ya kugeuka 3-MCPD, na ndiyo sababu hatua hii hutangulia nyingine zote. Usiongeze joto wala muda ukidhani unasaidia mmenyuko ukamilike. Mazingira makali zaidi yanaweza kuzifanya monogliseridi zenyewe zitoe 3-MBPD, na mafuta yenye monogliseridi nyingi yataonekana kuwa na glisidoli ambayo hayakuwa nayo. Kwa sampuli za namna hiyo, kama vile viambato vya kuchanganyia chakula vilivyotengenezwa kwa monogliseridi, fanya jaribio la uthibitisho la peke yake kabla ya kuamini jibu.

Simamisha mmenyuko kwa mililita 3 za myeyusho wa bikaboneti ya sodiamu wa asilimia 0.6, ongeza mililita 2 za heptani, tikisa kwa nguvu na uache tabaka mbili zitengane. Hamisha tabaka la juu katika kichupa kipya na ulikaushe chini ya mkondo mwembamba wa naitrojeni. Yeyusha mabaki katika mililita 1 ya tetrahidrofurani, ongeza mililita 1.8 za methanoli yenye asidi ya salfuriki ya asilimia 1.8, funga vizuri na uweke katika nyuzi 40 kwa saa 16.

Muda huu mrefu ndio unaokata asidi zote za mafuta. Kichupa kisichofungwa vizuri hupoteza methanoli usiku, na asubuhi utakikuta kina kiasi kidogo kuliko wenzake. Kichupa kama hicho kitupwe na sampuli irudiwe, kwa sababu huna njia ya kujua ukataji uliishia wapi.

Siku ya pili: kusafisha na kugeuza

Ongeza mililita 0.5 za bikaboneti ya sodiamu iliyokolea, tikisa, kisha kausha viyeyushi vya kikaboni kwa naitrojeni. Ongeza mililita 2 za myeyusho wa salfeti wa asilimia 20 na mililita 2 za heptani, tikisa na utupe tabaka la heptani. Rudia kwa heptani mpya. Kinachotupwa ni esta za methili za asidi za mafuta, ambazo zikibaki zitaichafua safu ya kromatografia na kufunika vilele vyako. 3-MCPD na 3-MBPD hubaki katika maji, kwa kuwa sasa zina vikundi viwili huru vya hidroksili. Usiwe na pupa katika kutoa heptani: ukibakiza tone dogo hakuna hasara, lakini ukichukua tone la maji umepoteza unachokipima.

Molekuli hizi zikiwa huru hupita vibaya katika kromatografia ya gesi, kwa hiyo hugeuzwa kwanza. Ongeza mikrolita 250 za myeyusho uliokolea wa asidi ya fenilboroni katika asetoni na maji kwa uwiano wa 19 kwa 1, uweke kichupa katika bafu ya mawimbi ya sauti kwa dakika 5, kisha toa kiambata kilichogeuzwa kwa heptani mara mbili, mililita 1 kila mara. Kausha heptani hiyo polepole na uyeyushe mabaki katika mikrolita 400 za heptani mpya. Mara nyingi utaona chembe nyeupe zilizobaki chini. Hizo ni asidi ya fenilboroni ya ziada. Chukua kimiminika cha juu tu, au zungusha kichupa katika mashine ya kutenganisha kabla ya kuchukua, kwa sababu chembe hizo zikiingia mashinani hukusanyika katika mlango wa kudungia na kuharibu umbo la vilele baada ya sampuli chache.

Kipimo katika mashine

Safu ya mita 30, kipenyo cha ndani cha milimita 0.25 na utando wa mikromita 0.25 wenye fenili asilimia 5 inatosha. Anza na joto la oveni la nyuzi 60, panda polepole hadi vilele vinavyokuhusu vipite, kisha maliza kwa joto la juu ili kusukuma nje mabaki. Usikate muda wa mwisho kwa kutafuta kasi. Asidi ya fenilboroni isiyotoka katika mzunguko mmoja hutokea katika unaofuata.

Fuatilia ayoni zifuatazo kwa uwiano wa tungamo kwa chaji. Kwa 3-MCPD ni 147 ya kuhesabia, na 196 na 198 za kuthibitishia. Kwa mwenzake mwenye deuteri ni 150 na 201. Kwa 3-MBPD ni 147 ya kuhesabia, na 240 na 242 za kuthibitishia. Mwenye deuteri ni 150 na 245. Kwa 2-MCPD ni 196 na 198, na 201 kwa mwenye deuteri. Tazama kwamba 147 ni ya wote wawili, 3-MCPD na 3-MBPD, kwa sababu ni kipande kinachobaki baada ya kaboni yenye klorini au bromini kukatika. Kinachowatofautisha ni muda wa kutoka, kwa hiyo hakikisha muda huo kila siku kwa kilinganishi.

Hapa maumbile yamekupa kipimo cha ukweli bila malipo. Klorini ina isotopu mbili kwa uwiano wa karibu 3 kwa 1, kwa hiyo kilele cha 196 kiwe karibu mara tatu ya kile cha 198. Bromini ina isotopu mbili zinazokaribia kuwa sawa, kwa hiyo 240 na 242 zilingane. Uwiano ukipotoka sana, kuna kitu kingine kimejificha chini ya kilele, nawe huna haki ya kukiita 3-MCPD mpaka ukitenganishe.

Mstari wa ulinganishaji uandaliwe kwa kuongeza viwango vinavyojulikana katika mafuta yasiyo na viambata hivi, na kila kiwango kipite hatua zote za siku mbili kama sampuli. Mafuta ya zeituni ya daraja la juu yaliyokamuliwa bila joto hufaa kwa kazi hii, baada ya kuthibitisha kwamba hayana kitu. Viwango vitano hadi saba vinatosha, vikianzia karibu na kikomo cha chini cha upimaji na kupita juu ya ukomo wa kisheria.

Hesabu

Chukua mfano wa kufundishia. Uzito wa sampuli ni gramu 0.1025. Kilinganishi kilichoongezwa ni sawa na mikrogramu 0.390 za 3-MCPD yenye deuteri. Mstari wa ulinganishaji umetoa mwinuko wa 1.04 na kianzio cha 0.01, na uwiano wa maeneo ya vilele katika sampuli ni 0.530. Toa 0.01, gawanya kwa 1.04, unapata uwiano wa tungamo wa 0.500. Zidisha kwa 0.390, unapata mikrogramu 0.195. Gawanya kwa 0.1025, jibu ni mikrogramu 1.90 kwa gramu, yaani miligramu 1.90 kwa kilo, au mikrogramu 1,900 kwa kilo. Glisidoli huhesabiwa kwa njia hiyohiyo kutoka kilele cha 3-MBPD, ukilinganisha na glisidili yenye deuteri.

Wanaotumia njia ya kutofautisha ya sehemu ya 1 wana hesabu nyingine, na inafaa kuizungumzia kwa kuwa huficha udhaifu. Tuseme jaribio A limetoa 2.40 na jaribio B limetoa 1.10. Tofauti ni 1.30, na ikizidishwa kwa 0.67, ambacho ni uwiano wa uzito wa glisidoli kwa 3-MCPD, jibu ni miligramu 0.87 za glisidoli kwa kilo. (Katika kazi halisi kizidishi hiki huthibitishwa na maabara yenyewe kwa mafuta yaliyoongezwa glisidili.) Sasa tuseme A ni 2.40 na B ni 2.20, na kila kipimo kina mashaka ya asilimia 5. Glisidoli itakuwa 0.13, lakini mashaka ya tofauti hiyo, baada ya kujumlisha miraba na kuchukua kipeuo cha pili, ni karibu 0.11, na yakipanuliwa mara mbili ni 0.22. Jibu limemezwa na mashaka yake. Njia ya kutofautisha haifai kwa mafuta yenye 3-MCPD nyingi na glisidoli kidogo, na wakati mwingine itatoa namba hasi. Namba hasi isifutwe na kuandikwa sifuri kimyakimya. Iripotiwe kuwa iko chini ya kikomo cha upimaji.

Udhibiti wa ubora katika kila kundi

Kila kundi la sampuli liwe na kichupa kisicho na mafuta kabisa, mafuta matupu yaliyopita hatua zote, mafuta hayohayo yaliyoongezwa kiasi kinachojulikana, sampuli moja iliyorudiwa, na mafuta ya udhibiti ambayo thamani yake imefuatiliwa kwa miezi. Vichupa viwili vya kwanza vikionyesha 3-MCPD, kazi isimame hadi chanzo kipatikane, na mara nyingi ni chumvi au kioo. Mafuta yaliyoongezwa yaoneshe urejesho unaokubalika, na thamani ya mafuta ya udhibiti ichorwe katika chati, kwa sababu mteremko wa polepole hauonekani kwa kuangalia siku moja.

Jaribio moja ambalo halitajwi sana lakini ninalithamini ni hili: chukua mafuta matupu, ongeza esta za glisidili peke yake kwa kiasi kikubwa, na uone kama 3-MCPD inajitokeza. Kisha fanya kinyume chake, uongeze esta za 3-MCPD peke yake na uone kama glisidoli inajitokeza. Ikiwa kuna mvujo kutoka upande mmoja kwenda mwingine, utauona hapo waziwazi. Fanya hivyo unapoanzisha njia, na kila unapobadilisha chupa ya chumvi au mchambuzi.

Mbali na hayo, maabara inayotaka matokeo yake yakubalike nje ishiriki majaribio ya umahiri yanayoendeshwa na waandaaji wa kimataifa, na ifanye kazi ndani ya mfumo wa ISO/IEC 17025.

Kulinganisha na ukomo wa kisheria

Umoja wa Ulaya ndio uliotangulia kuweka ukomo kwa mafuta, na masharti yake sasa yamo katika Kanuni ya 2023/915. Esta za glisidili, zikielezwa kama glisidoli, zisizidi mikrogramu 1,000 kwa kilo katika mafuta ya mimea yanayouzwa kwa mlaji, na 500 katika mafuta yanayokusudiwa kutengenezea vyakula vya watoto wachanga. Kwa 3-MCPD, ikijumlishwa iliyo huru na iliyo katika esta, ukomo ulianza kutumika tarehe 1 Januari 2021: mikrogramu 1,250 kwa mafuta ya nazi, mahindi, rapa, alizeti, soya, kiini cha mchikichi na zeituni, na 2,500 kwa mafuta mengine ya mimea, yakiwemo ya mawese. Kwa mafuta yanayokusudiwa kutengenezea vyakula vya watoto wachanga ni 750.

Rudi kwenye mfano wetu wa mikrogramu 1,900, na tuseme mashaka yaliyopanuliwa ni asilimia 20, yaani 380. Ukiondoa mashaka, kinachobaki ni 1,520. Yakiwa mafuta ya alizeti, yamezidi ukomo bila shaka yoyote. Yakiwa mafuta ya mawese, yako ndani. Hii ndiyo sababu niliomba aina ya mafuta iandikwe siku ya kupokea sampuli. Cheti kieleze pia kizio kilichotumika, kwamba ni 3-MCPD na glisidoli na si uzito wa esta, njia iliyotumika, na mashaka yenyewe.

Vichafuzi vingine vya usindikaji katika mafuta hayohayo

Mteja akiuliza kuhusu benzo(a)pireni na ndugu zake, kipimo hicho hufanywa kwa kromatografia ya kimiminika na kitambuzi cha mng'aro, kama inavyoelezwa katika ISO 15753. Chanzo chake huwa ni moshi wakati wa kukausha mbegu au nyama ya nazi, na Ulaya hairuhusu zaidi ya mikrogramu 2 za benzo(a)pireni kwa kilo. Asidi za mafuta za aina ya transi, zinazozaliwa katika joto la kuondoa harufu na kwa wingi zaidi katika ugandishaji wa mafuta kwa hidrojeni, hupimwa kwa kugeuza mafuta kuwa esta za methili na kutumia kromatografia ya gesi yenye safu ndefu. Vipimo hivi visichanganywe katika kichupa kimoja na cha 3-MCPD. Kila kimoja kina maandalizi yake.

Kurudisha jibu kiwandani

Kiwanda kinapopata jibu la juu kisiishie kupima mafuta yaliyokamilika. Omba sampuli nne: mafuta ghafi, baada ya kuondoa ute, baada ya kupausha, na baada ya kuondoa harufu. Zote zipimwe katika kundi moja ili tofauti za siku zisiingie. Esta za glisidili zikiruka ghafla katika hatua ya mwisho wakati 3-MCPD ni ya wastani, lawama ni ya joto au muda wa kuondoa harufu, au ya digliseridi nyingi zilizotokana na matunda yaliyoachwa yakaharibika kabla ya kukamuliwa. Pima digliseridi za mafuta ghafi na utajua ni lipi. 3-MCPD ikiwa juu na glisidoli chini, tafuta klorini katika mafuta ghafi na asidi iliyobaki baada ya kupausha. Kuosha mafuta ghafi kwa maji na kutumia udongo wa kupaushia usio na asidi ni hatua zilizomo katika mwongozo wa utendaji wa Codex (tume ya kimataifa ya viwango vya chakula) wa mwaka 2019, CXC 79.

Kiwanda kikishusha joto, sampuli mpya ichukuliwe baada ya mtambo kutulia katika joto hilo, kwa sababu mafuta yaliyobaki ndani ya mtambo yanaweza kuchanganyika na ya mwanzo. Ipimwe pamoja na sampuli ya akiba ya zamani katika kundi moja. Ukiziona mbili hizo zikipanda au kushuka pamoja, kilichobadilika ni maabara. Ikishuka ile mpya peke yake, kilichobadilika ni mafuta.